Ustahiki wa Wanawake Michezoni: Kipimo cha Jinsi na Wajibu wa Mhudumu wa Afya

Utangulizi

Tangu tarehe 1 Septemba 2025, mwanariadha anayetaka kushindana katika kundi la wanawake kwenye mashindano yanayohesabiwa katika orodha ya ubora ya dunia hutakiwa kupimwa, mara moja katika maisha yake, ili ijulikane kama mwili wake una jeni iitwayo SRY. Sampuli hupatikana kwa kupangusa ndani ya shavu au kwa kutoa damu. Kanuni hiyo ilipitishwa na Shirikisho la Riadha la Dunia, na ilianza kutumika katika Mashindano ya Dunia ya Tokyo ya mwezi huo huo. Shirikisho la ndondi, World Boxing, nalo lilianzisha kipimo cha jinsi mwaka huo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jambo hili si la mbali. Miongoni mwa wanawake ambao kanuni za namna hii zimewagusa moja kwa moja wamo wa Burundi, Kenya, Uganda, Namibia na Afrika Kusini. Aidha, kipimo hakifanywi na mwamuzi wa uwanjani. Hufanywa na muuguzi, mtaalamu wa maabara au daktari, na majibu yake humfikia msichana ambaye pengine hajawahi kuonana na mtaalamu wa homoni maishani mwake.

Makala haya hayakusudii kuamua kanuni ipi iwekwe na mashirikisho ya michezo. Yanakusudia kutenganisha maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Swali la kwanza ni la mchezo: je, mtu huyu anastahiki kushindana katika kundi hili? Swali la pili ni la tiba: je, mtu huyu ana hitaji lolote la kiafya? Jibu la swali la kwanza halijibu la pili. Madhara makubwa zaidi katika historia ya jambo hili yametokea pale ambapo tiba ilitolewa ili kujibu swali la mchezo.

Maneno matatu yafafanuliwe mapema. "Jinsi" hapa ni hali ya kimaumbile ya kuwa wa kike au wa kiume. "Jinsia" ni nafasi na utambulisho wa mtu katika jamii. "Tofauti za ukuaji wa jinsi" ni jina la jumla la hali za kuzaliwa nazo ambapo kromosomu, tezi za uzazi au viungo vya uzazi havikufuata njia iliyozoeleka. Neno "huntha", ambalo husikika mitaani, halifai kutumika kliniki: linaumiza, na tena linapotosha, kwa kuwa watu hawa hawana jinsi mbili kamili ndani ya mwili mmoja.

Kwa nini kuna kundi la wanawake

Kabla ya kubalehe, tofauti ya uwezo wa kimichezo kati ya wavulana na wasichana ni ndogo. Baada ya kubalehe hupanuka haraka, na chanzo chake kikuu ni testosteroni. Kwa mwanamke mzima, kiwango cha homoni hiyo katika damu kwa kawaida huwa kati ya nanomoli 0.06 na 1.68 kwa lita. Kwa mwanamume mzima huwa kati ya 7.7 na 29.4. Viwango hivyo viwili havigusani. Testosteroni huongeza wingi na nguvu za misuli, hurefusha na kuimarisha mifupa, na hupandisha hemoglobini, ambayo hubeba oksijeni kwenda kwenye misuli.

Matokeo yake huonekana katika rekodi. David Rudisha wa Kenya alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012. Rekodi ya wanawake katika mbio hizo, dakika 1 na sekunde 53.28, iliwekwa na Jarmila Kratochvílová mwaka 1983. Tofauti ni takribani asilimia 12. Katika mita 100, sekunde 9.58 za Usain Bolt na 10.49 za Florence Griffith-Joyner zinatofautiana kwa zaidi ya asilimia 9. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba, kama kusingekuwa na kundi la wanawake, hakuna mwanamke ambaye angefika fainali ya Olimpiki katika mbio hizo.

Hapa ndipo hoja ya wanaotetea kanuni inaposimama. Kundi la wanawake ni kundi linalolindwa, nalo lina maana ikiwa tu lina mpaka. Asiyewekewa mpaka anaweza kumnyima nafasi mwanamke ambaye hakuwahi kupitia balehe ya kiume, na mwanamke huyo naye ana haki. Hoja hiyo haifai kubezwa. Ugumu huanza pale mpaka unapotakiwa kuchorwa juu ya miili ambayo maumbile yenyewe hayakuichorea mstari mmoja.

Jinsi mwili unavyojengeka

Katika majuma ya mwanzo ya mimba, viungo vya uzazi vya kiinitete huwa vya namna moja kwa wote. Yapata juma la sita au la saba, jeni ya SRY, ambayo kwa kawaida hukaa katika kromosomu ya Y, huanzisha mfululizo wa jeni nyingine zinazoifanya tezi changa iwe korodani. Jeni hii isipokuwapo, kwa kawaida tezi hufuata njia ya ovari.

Kuwapo kwa SRY ni mwanzo wa safari tu. Korodani lazima zikue na zitengeneze testosteroni. Kimeng'enya kiitwacho 5-alfa-riduktasi lazima kigeuze sehemu ya testosteroni kuwa homoni yenye nguvu zaidi, ile inayounda viungo vya nje vya kiume. Mwisho, seli za mwili lazima ziwe na vipokezi vinavyoisikia homoni hiyo. Kiungo kimoja cha mnyororo huu kikikatika, mtoto anaweza kuwa na kromosomu za XY na bado akazaliwa mwenye maumbile ya nje ya kike, akasajiliwa msichana na akalelewa hivyo bila yeyote kudanganya.

Hali nne zifahamike vizuri, kwa sababu kila moja hujibu kipimo kwa namna yake.

Ya kwanza ni mwili kutoisikia testosteroni kabisa. Mwanamke mwenye hali hii ana kromosomu za XY, ana jeni ya SRY, ana korodani ndani ya tumbo au kinena, na testosteroni yake inaweza kufikia kiwango cha kiume. Hata hivyo vipokezi vyake havifanyi kazi. Matiti hukua, nywele za sehemu za siri huwa chache, na hedhi haiji kwa kuwa hana mji wa mimba. Testosteroni hiyo haimjengei misuli wala mifupa ya kiume. Kanuni ya sasa ya riadha inamruhusu kushindana na wanawake.

Ya pili ni sindromu ya Swyer. Kromosomu ni XY, lakini tezi hazikukua kuwa korodani zinazofanya kazi. Mwanamke huyu ana mji wa mimba, na testosteroni yake haipandi kufikia kiwango cha kiume. Kwa kawaida hugunduliwa pale matiti na hedhi vinapochelewa.

Ya tatu ni upungufu wa kimeng'enya cha 5-alfa-riduktasi. Mtoto huweza kuonekana msichana anapozaliwa, lakini wakati wa kubalehe korodani hutoa testosteroni ya kiwango cha kiume na mwili huisikia: sauti huwa nzito, misuli huongezeka, matiti hayakui. Mabishano ya mbio za wanawake yamehusu zaidi hali hii na zinazofanana nayo.

Ya nne ni ukuaji uliopita kiasi wa tezi za adrenali, wa kuzaliwa nao. Hapa kromosomu ni XX, ovari na mji wa mimba vipo, na SRY haipo. Tezi zilizo juu ya figo ndizo zinazotoa homoni za kiume kwa wingi. Kanuni za ustahiki hazimhusu mwanamke huyu, ila kiafya hali yake inaweza kuwa ya hatari kuliko zote, kama itakavyoelezwa.

Miongo sita ya vipimo

Mwaka 1966, katika Mashindano ya Ulaya ya riadha huko Budapest, wanawake walitakiwa kupita wakiwa uchi mbele ya madaktari. Fedheha hiyo ilisababisha kutafutwa kwa njia ya maabara, na katika Olimpiki za mwaka 1968 kipimo cha seli za shavuni kikaanza kutumika. Njia mpya nayo ilikuwa na majeraha yake. Mwaka 1967, Ewa Kłobukowska wa Poland alikuwa tayari ameondolewa mashindanoni kwa sababu ya kromosomu zake. Mwaka uliofuata alijifungua mtoto. Mwaka 1985, huko Kobe, María José Martínez-Patiño wa Hispania, mkimbiaji wa mbio za kuruka viunzi, aliambiwa kuwa ana kromosomu ya Y. Siri yake ilipofika magazetini alipoteza ufadhili, makazi, rekodi zake na mchumba wake. Mwili wake ulikuwa hausikii testosteroni kabisa, hivyo faida aliyodhaniwa kuwa nayo haikuwapo. Alirudishiwa ustahiki mwaka 1988.

Katika Olimpiki za Atlanta mwaka 1996, wanawake 3,387 walipimwa kwa kutafuta SRY. Wanane walikuwa nayo, yaani mmoja katika kila wanawake 423. Saba kati yao walikuwa na hali ya mwili kutoisikia testosteroni, kikamilifu au kwa sehemu. Wa nane alikuwa na upungufu wa 5-alfa-riduktasi na tezi zake zilikuwa zimekwisha kuondolewa. Wote wanane waliruhusiwa kushindana. Kipimo kiliwatia hofu watu wanane na hakikumwondoa hata mmoja. Mwaka 1999, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaacha kuwapima wanawake wote.

Baada ya hapo mkazo ulihamia kwenye homoni. Mwaka 2009, huko Berlin, Caster Semenya wa Afrika Kusini, akiwa na umri wa miaka 18, alishinda mita 800 na mwili wake ukawa mjadala wa dunia nzima. Mwaka 2011 uliwekwa ukomo wa nanomoli 10 za testosteroni. Dutee Chand wa India alizuiwa mwaka 2014, akakata rufaa, na mwaka 2015 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikasimamisha kanuni kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Mwaka 2018 ilitangazwa kanuni mpya: nanomoli 5, katika mbio za mita 400 hadi maili moja. Mwaka 2019 mahakama hiyo ilikubali kwamba kanuni ina ubaguzi, lakini kwa wingi wa kura ikaamua kuwa ni ubaguzi wa lazima na wa kiasi kwa ajili ya kulinda kundi la wanawake. Mwaka 2023 ukomo ulishushwa hadi 2.5, katika mbio zote, na wanawake waliobadili jinsia baada ya kupitia balehe ya kiume wakaondolewa katika kundi hilo. Kisha, mwaka 2025, kipimo cha SRY kikarudi.

Ushahidi wenyewe haukuwa imara nyakati zote. Utafiti wa mwaka 2017 uliotajwa sana katika mabishano ya kanuni ya 2018 ulionekana kuwa na makosa katika takwimu zake, na mwaka 2021 jarida lililouchapisha lilitoa sahihisho lililokiri kwamba haukuthibitisha uhusiano wa chanzo na matokeo. Hilo halifuti elimu ya jumla kuhusu testosteroni na balehe. Linaonya tu kwamba kutoka elimu ya jumla hadi kumhukumu mtu mmoja kuna hatua ndefu.

Pande mbili za mstari mmoja

Fainali ya mita 800 ya wanawake katika Olimpiki za Rio, mwaka 2016, inaonyesha uzito wa jambo hili kwa pande zote. Semenya alikuwa wa kwanza, Francine Niyonsaba wa Burundi wa pili, na Margaret Wambui wa Kenya wa tatu kwa dakika 1 na sekunde 56.89. Melissa Bishop wa Kanada alifika wa nne kwa dakika 1 na sekunde 57.02. Hiyo ilikuwa rekodi ya taifa lake, na alikosa medali kwa sekunde 0.13.

Kanuni ya 2018 ilipoanza kutumika, wote watatu waliosimama jukwaani walikuwa na njia mbili katika mbio hizo: kushusha testosteroni au kuziacha. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na mwaka 2021, huko Zagreb, akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000. Kanuni ya 2023 ilipojumuisha mbio zote, njia hiyo nayo ikafungwa. Wambui hakupata mbio nyingine za kumfaa.

Bishop hakumkosea yeyote kwa kutamani mashindano yenye mpaka. Waliomtangulia nao hawakumkosea yeyote kwa kuzaliwa walivyozaliwa. Hawakutumia dawa iliyokatazwa wala hawakughushi cheti. Anayezungumzia haki ya mmoja tu kati yao amesoma nusu ya somo. Julai 2025, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba kesi ya Semenya haikusikilizwa kwa haki inayostahili nchini Uswisi. Haikuifuta kanuni yenyewe. Kwa hiyo mjadala wa mpaka unaendelea, nao ni wa wanamichezo, mashirikisho na mahakama. Mhudumu wa afya ana kazi nyingine.

Tiba isiyotibu

Mwaka 2013, jarida moja la kitabibu lilichapisha taarifa ya wanariadha wanne wenye umri wa miaka 18 hadi 21, wote kutoka maeneo ya vijijini ya nchi zinazoendelea, waliokuwa na upungufu wa 5-alfa-riduktasi. Tezi zao ziliondolewa na sehemu ya kinembe ikakatwa. Taarifa hiyo yenyewe ilieleza kwamba kubaki na tezi hizo hakukuwa na hatari kwa afya yao. Kinembe nacho hakina mchango wowote katika kasi ya mtu kukimbia.

Annet Negesa wa Uganda, mkimbiaji wa mita 800, aliondolewa katika maandalizi ya Olimpiki za mwaka 2012 na akafanyiwa upasuaji mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 20. Mwaka 2019 alieleza hadharani kwamba hakuwa ameelewa ni upasuaji wa namna gani, na kwamba baada yake alipata maumivu na hakurudi katika hali yake ya zamani. Shirikisho la riadha lilikanusha kuhusika na uamuzi huo. Kwa mhudumu wa afya, funzo halisubiri mabishano hayo yaishe: mgonjwa anayeamka bila kujua alichokatwa hakutoa ridhaa, hata kama saini yake ipo.

Kuondolewa kwa tezi kuna gharama ya maisha yote. Mwili ukikosa homoni za uzazi, mifupa hudhoofika na huvunjika kirahisi, joto la ghafla na uchovu hujitokeza, na mtu huhitaji homoni mbadala kwa miaka mingi. Palipo na dawa za kubahatisha, huo ni mzigo mzito. Zipo sababu za kitabibu za kuziondoa: katika sindromu ya Swyer, kwa mfano, hatari ya saratani katika tezi ni kubwa na upasuaji wa mapema hushauriwa. Katika hali ya mwili kutoisikia testosteroni kabisa, hatari hiyo ni ndogo kabla ya kubalehe, na kwa kawaida uamuzi huahirishwa hadi mwenyewe awe mtu mzima. Tofauti ya mifano hii miwili inatosha kuonyesha kwamba upasuaji huamuliwa na hatari iliyomo mwilini. Tarehe ya mashindano si dalili ya ugonjwa.

Mwezi Aprili 2019, Chama cha Madaktari Duniani kiliwataka madaktari wasishiriki kutekeleza kanuni ya 2018, kwa hoja kwamba kumpa mtu dawa ya kushusha homoni zake za asili bila sababu ya kitabibu ni kinyume cha maadili ya kazi.

Mfano wa kliniki

Chukuliwe mfano wa kufikirika. Msichana wa miaka 17 analetwa kliniki na kocha wake. Anakimbia vizuri, kifua chake ni bapa, sauti yake ni nzito kidogo, hajawahi kupata hedhi. Kocha anataka "apimwe homoni" kabla ya mashindano ya taifa, na majibu apewe yeye.

Hatua ya kwanza ni kumwomba kocha asubiri nje. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Mhudumu anayetaka kumtumikia mgonjwa na timu kwa pamoja humwachia mgonjwa adondoke. Msichana aulizwe mwenyewe kilichomleta, anachokihofia na anachotaka kujua. Kwa kuwa hajafikisha miaka 18, mzazi au mlezi hushirikishwa katika ridhaa, lakini kauli ya msichana mwenyewe haifunikwi na ya mzazi.

Hatua ya pili ni kukumbuka kwamba msichana asiyepata hedhi hadi miaka 15 anastahili uchunguzi, awe mwanamichezo au asiwe. Sababu ni nyingi, na nyingi kati ya hizo hazihusiani na kromosomu ya Y: chakula kisicholingana na mazoezi, ugonjwa wa muda mrefu, kizinda kilichoziba, kuzaliwa bila mji wa mimba, sindromu ya Turner, na hata mimba. Kwa mkimbiaji, lishe pungufu na mazoezi mazito viulizwe mapema, kwa kuwa hudhoofisha mifupa na hurekebishika. Aulizwe pia kama aliwahi kufanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena utotoni, maana ngiri kwa msichana wakati mwingine huwa ni korodani iliyoshuka.

Hatua ya tatu ni uchunguzi wa mwili kwa ridhaa, faraghani, akiwapo muuguzi wa kike au mtu anayemwamini. Hakuna uchunguzi wa sehemu za siri unaofanywa kwa sababu ya udadisi. Kipimo cha picha cha nyonga na vipimo vya homoni hufuata kwa mpangilio, na kipimo cha kromosomu huagizwa pale tu majibu ya mwanzo yanapokihitaji. Kifua bapa, sauti nzito na misuli si utambuzi wa ugonjwa. Wapo wanawake wengi wenye sifa hizo ambao kromosomu, tezi na homoni zao hazina tofauti yoyote.

Hatua ya nne ni namna ya kutoa majibu. Ikiwa ipo tofauti ya ukuaji wa jinsi, msichana asiambiwe kwamba "yeye kumbe ni mwanamume". Kauli hiyo si sahihi kitabibu, na ni ya kikatili. Aelezwe kwa utulivu, kwa zaidi ya kikao kimoja: tezi zake zikoje, mji wa mimba upo au haupo, uwezo wa kuzaa ukoje, ni nini kinahitaji matibabu na ni nini hakihitaji. Kisha apewe rufaa kwenda hospitali yenye mtaalamu wa homoni, daktari wa magonjwa ya wanawake na mshauri nasaha.

Majibu ni mali ya msichana. Nchini Tanzania, Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zinahusu taarifa za namna hii. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kocha, mwalimu au kiongozi wa chama cha michezo hana haki ya kufunguliwa faili kwa cheo chake pekee. Wahenga walisema pia mficha uchi hazai. Methali hiyo humhimiza mgonjwa ajifunue kwa anayemtibu. Nayo humwajibisha anayemtibu kufunga mlango.

Dharura isiyongoja uwanja

Tofauti za ukuaji wa jinsi huanza kuonekana wodi ya wazazi, miaka mingi kabla ya mbio za kwanza. Mtoto mchanga ambaye viungo vyake vya nje havionyeshi wazi kama ni wa kike au wa kiume achukuliwe kuwa anaweza kuwa na ugonjwa wa tezi za adrenali uliotajwa hapo juu. Katika majuma machache ya mwanzo, mtoto huyo anaweza kupoteza chumvi mwilini, akatapika, akakataa kunyonya, akaishiwa maji na kufa. Homoni mbadala, zikitolewa mapema, humwokoa. Mkunga asikisie jinsi wala asiwaharakishe wazazi kumpa mtoto jina; amwelekeze mtoto hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo.

Kwa mwanamichezo na familia yake

Mwanamke aliyeombwa kupimwa ana haki ya kuuliza, na kujibiwa kwa lugha anayoielewa: nani ameagiza kipimo, na kwa kanuni ipi? Kinatafuta nini? Majibu yatamfikia nani, na yatatunzwa wapi? Nikikataa, nitapoteza nini? Yakiwa na tofauti, nitapelekwa kwa mtaalamu gani, na nani atalipa? Ni busara maswali haya yaulizwe kabla ya pamba kugusa shavu, kwa kuwa taarifa ya jeni ikishatoka hairudi.

Aelewe pia mipaka ya kipimo. SRY kuwapo hakusemi kama korodani zinafanya kazi, wala kama mwili unaisikia testosteroni. Andrew Sinclair, mwanasayansi wa Australia aliyekuwa katika timu iliyoigundua jeni hiyo mwaka 1990, alipinga hadharani mwaka 2025 matumizi yake kama kipimo cha kuamua jinsi ya mtu. Shirikisho la Riadha hulitazama kama chujio la kwanza linalofuatwa na uchunguzi wa kitaalamu. Kwa vyovyote, mwenye majibu ya tofauti asikubali dawa wala upasuaji kabla ya kuonana na daktari asiye na maslahi katika timu, na kuelezwa faida ya jambo hilo kwa afya yake.

Maswali ya kujipima

1. Mwanariadha ana jeni ya SRY na mwili wake hauisikii testosteroni kabisa. Je, ana faida ya balehe ya kiume? Jibu: hapana.

2. Kocha anaomba nakala ya majibu ya mchezaji wake mwenye umri wa miaka 20. Apewe? Jibu: hapana, isipokuwa mchezaji mwenyewe ameridhia kwa maandishi, akijua yatatumika vipi.

3. Mtoto mchanga mwenye viungo visivyo wazi amekataa kunyonya na anatapika siku ya kumi. Tatizo la kwanza ni nini? Jibu: uwezekano wa upotevu wa chumvi kutokana na ugonjwa wa adrenali. Ni dharura, apelekwe hospitali mara moja.

4. Mwanamke mzima mwenye upungufu wa 5-alfa-riduktasi anaomba kuondolewa tezi ili arudi mashindanoni. Mhudumu afanye nini? Jibu: amsikilize bila kumhukumu, amweleze madhara ya kudumu na njia nyingine zilizopo, amtenge na shinikizo la timu, ampe muda na rufaa kwa wataalamu. Aamue mwenyewe akiwa anajua anachokipoteza, na daktari naye asifanye upasuaji usio na sababu ya kitabibu.

Hitimisho

Mashirikisho yataendelea kusogeza mpaka wa kundi la wanawake, kwa nanomoli au kwa jeni, na pande zote zitakuwa na la kudai. Katika chumba cha uchunguzi mambo ni mepesi zaidi kuyajua, ingawa si mepesi kuyatenda. Aliyeketi pale ni mgonjwa, mwenye mifupa ya kulindwa, siri ya kutunzwa na miaka mingi ya kuishi baada ya mbio zake za mwisho. Kipimo cha ustahiki humwambia mwamuzi nani apange naye mstari. Hakimwambii daktari nani akatwe.